Mstari wa Alhamisi

Wiki ile watu wazima wa Kwemlozi walipanda mapaani kutafuta meno. Mkicheka siwalaumu, maana hata mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kwetu mtoto aking'oka jino hulirusha juu ya paa, akamwomba mjusi amletee jipya, na tangu mji huu uwepo hakuna aliyewahi kwenda kulidai lile la zamani. Sasa daktari anayataka. Basi akina mama walijifunga vitenge viunoni, wakaegesha ngazi, wakapekua mifereji ya mvua na nyuma ya mabamba ya jua, na kila aliyepata kitu cheupe alikileta kwangu kwanza nikikague. Nusu yake ilikuwa kokoto. Mmoja aliniletea jino la mbuzi, nikamuuliza mwanawe kaanza kula majani lini.

Walikuja kwangu kwa sababu mimi ndiye kungwi wa mji huu. Jina langu Mwantumu binti Shekigenda, nina miaka sitini na tatu, na mwanamke yeyote wa Kwemlozi aliye chini ya miaka arobaini, alipovunja ungo ni mimi niliyemweka ndani, nikamfunda, nikamtoa akiwa mtu mzima. Wote wananiita Somo. Wakishika mimba hurudi tena mikononi mwangu. Sijisifu. Kazi ninaijua, na anayebisha aje tushindane.

Meno yalikuwa ya wasichana thelathini na mmoja. Mkubwa wao alikuwa na miaka tisa, mdogo sita, na wote miili yao ilikuwa imeanza kupevuka kabla ya wakati. Mwali wa kwanza wa miaka minane nilipoletewa, nilidhani ni yeye tu, Mungu kapenda. Wa pili nikanyamaza. Wa tano alikuja na mwanasesere mkononi, akaniuliza kama anaweza kumweka naye ndani. Nimfunde nini mtoto anayeogopa giza? Nilitoka barazani nikalia, na mimi si mtu wa kulia.

Kisha ikaingia nyumbani kwangu. Mjukuu wangu Sikudhani ni binti wa mwanangu Athumani na mkewe Mwajabu. Ana miaka saba na miezi minne, yuko darasa la pili, anapenda hesabu na ubishi. Mwezi wa tatu Mwajabu alinijia jikoni, akanishika mkono tu. Nikajua.

Daktari aliyetumwa kwetu alikuwa Kibibi Mhando, mtoto wa hapahapa, mwali wangu wa mwaka wa elfu mbili hamsini na tisa. Alikwenda kusoma, akarudi na miwani na mwendo wa haraka, lakini aliponiona alipiga goti kama zamani.

"Shikamoo, Somo."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huko Dodoma hawana wali?"

Alikuja na vitu viwili. Cha kwanza ni mashine ya kusoma meno, ambayo akina mama waliibatiza Mmbea siku ya kwanza tu, kwa kuwa ilikuja kusema ya ndani ya matumbo yao. Cha pili ni sanduku la hatamu.

Hatamu ni kitu kidogo sana, hata punje ya mchele inakizidi. Huingizwa chini ya ngozi ya mkono, nayo huuzuia mwili usiende mbio mpaka mtoto afikie umri wake. Ila haitolewi kienyeji. Kila hatamu hupangwa ipambane na kemikali ileile iliyomfikia mtoto akiwa tumboni, na ikishaingia haibadilishwi mpaka miaka minne ipite. Katika mji mmoja jirani walikisia. Watoto wawili mifupa yao iliacha kukua, wakabaki na kimo cha miaka minane, na hawatarefuka tena. Kibibi alitueleza hayo siku ya kwanza bila kupamba, na nilimpenda kwa hilo.

Sisi tulikuwa na jibu tayari. Vitalu. Kwa miaka ishirini kampuni moja ya maua ilikuwa na vitalu vya vioo kule bondeni, mashine zikipuliza dawa zenyewe usiku na mchana, kisha mwaka wa sabini na tano ikafunga virago na kumbukumbu zake zote. Upepo ukivuma kutoka kule, kuku walipiga chafya. Nani mwingine wa kulaumiwa? Mimi ndiye niliyesimama mbele ya akina mama nikasema, leteni meno, Mmbea atamtaja mwenye vitalu kwa jina.

*

Yalipatikana meno kumi na tisa. Jumatano asubuhi Kibibi aliniita zahanati tuanze na la Sikudhani, ambalo halikuwa limefika paani bado. Lilikuwa limetoka siku mbili kabla.

Alilikata upande wa urefu, akatoa kipande chembamba kuliko karatasi, akakiweka ndani ya mashine. Taa ya buluu ikapita polepole. Ukutani ukatokea mchoro.

"Jino la utoto linaanza kujengwa tangu mimba ina miezi minne hivi," alisema. "Kila siku linaongeza utando mmoja, kama kitunguu. Mama akila, akinywa, akivuta hewa mbaya, alama inabaki kwenye utando wa siku ile. Unauona huu mstari mweusi? Hapo ndipo Sikudhani alipozaliwa. Mwili ulishtuka, jino likaandika. Kushoto kwake ni siku za tumboni, moja moja."

"Lo. Kwa hiyo hakuna linalofichika."

"Hakuna, Somo. Tatizo ni kulielewa."

Kulikuwa na mistari miwili. Wa kijani alisema ni dawa ya vitalu, aliitambua mara moja. Ulikuwepo, lakini ulikuwa chini, umelala. Wa pili ulikuwa mwekundu, na huo ulipanda na kushuka. Ulianza mwezi wa tano, ukapiga juu, ukashuka, ukapiga juu tena, kwa vipimo sawasawa mpaka karibu na ule mstari mweusi.

"Huu ndio uliomharibia," alisema Kibibi. "Kemikali ya jamii hii inajifanya homoni. Inafika kwa mtoto wakati ubongo wake unajipangia lini ataanza kupevuka, inasogeza saa mbele. Sijui ni kemikali gani hasa. Haimo kwenye orodha yangu, na jino linanipa kivuli chake tu. Lakini tazama, inakuja kila baada ya siku saba. Huu ni mpangilio wa mashine. Vitalu vilikuwa vinapuliza dawa ya pili mara moja kwa wiki, hakuna maelezo mengine."

Mimi nilikuwa nimeanza kuhesabu kwa vidole chini ya kitenge. Sikudhani alizaliwa Jumamosi alfajiri, nilimpokea mimi. Kilele cha mwisho kilikuwa siku mbili kabla ya mstari mweusi. Alhamisi.

"Na hapa katikati," Kibibi aliendelea, "pana pengo. Vilele viwili havipo. Kisha inaendelea kama kawaida."

Mwaka ule kaka yangu Mbaraka alifariki Pangani, nikakaa msibani wiki mbili. Alhamisi mbili sikuwepo.

Hapa inabidi niseme jambo ambalo kwa miaka arobaini sijawahi kulisema nje ya chumba. Mwanamke wa Kwemlozi akifikisha mimba ya miezi mitano, kila Alhamisi alasiri huja kwangu, hulala kwenye mkeka, nikampaka tumbo na kumkanda kwa mafuta yangu mpaka mtoto akae sawa. Hawaambiwi waume, hawaambiwi wasiozaa. Kibibi hajazaa, ndiyo maana hakujua. La ndani haliendi nje. Hicho ndicho kiapo cha kwanza ninachomlisha mwali, na mdomo unaofunguka bila ruhusa yangu huonekana umemvunjia heshima kila mwanamke aliyepita mle ndani.

"Nimewauliza akina mama wote thelathini na mmoja," alisema Kibibi. "Swali la kumi na mbili, kama wakati wa mimba ulijipaka au ulipakwa kitu chochote. Wote wamejibu hapana. Kwa hiyo ni vitalu. Ninachohitaji ni shahidi mmoja wa kuniziba hili pengo, kwa sababu kumbukumbu zao hatuna. Somo, wewe unakumbuka kila kitu cha mji huu. Mwaka wa sabini na moja, katikati ya masika, vitalu vilisimama kupuliza kama wiki mbili hivi?"

Wote wamejibu hapana. Wanawake thelathini na mmoja, watoto wao wanaumia, wameulizwa na daktari uso kwa uso, wakanilindia siri. Niliona fahari, wallahi, na papo hapo nikaona haya.

"Somo?"

"Ndiyo," nilisema. "Vilisimama."

Akaandika. Akasema Ijumaa saa tatu asubuhi ataanza kuingiza hatamu zote, atazipanga kwa dawa za vitalu vya aina ile, zile zinazokaribiana na kivuli alichokiona. Nikamwambia vizuri, mwanangu. Nikaondoka na mwendo wangu uleule wa kichwa juu.

*

Alhamisi alasiri Mwajabu alikuja na mkeka wake kwapani. Ana mimba ya pili, miezi mitano na nusu. Alikuwa ameshalala hapo Alhamisi tatu.

Nilikuwa nimekaa na chungu cha mafuta mbele yangu tangu adhuhuri. Mafuta yangu ni ya nazi, ninayachemsha na mrehani na maua ya kilua, kama alivyonifundisha somo wangu marehemu Bi Mize. Hayo hayana neno. Bi Mize alikanda nayo miaka hamsini na watoto wakakua kwa wakati wao. Ila mwaka wa sitini na nane mchuuzi wa marashi kule Tanga mjini aliniuzia dumu la maji mazito yasiyo na rangi. Aliyaita kidumishi. Kijiko kimoja tu, akasema, na harufu itakaa kwenye ngozi tangu Alhamisi hadi Alhamisi. Nikajaribu. Kweli ilikaa. Wanawake wakawa wanapita sokoni wenzao waliozaa wanageuka, wananong'onezana, huyo katoka kwa Mwantumu. Nilipenda kusikia hivyo. Mchuuzi alipofariki nilinunua kwa wanawe madumu yote yaliyobaki.

Mtoto mkubwa katika wale thelathini na mmoja amezaliwa mwaka wa sitini na tisa. Kabla yake hayupo hata mmoja. Hesabu hiyo ilikuwa mbele ya macho yangu siku zote, nami nilikuwa nikitazama bondeni.

"Mama, mbona hujapasha mafuta?" Mwajabu aliuliza, kishajilaza.

"Leo sikupaki."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Inuka, mwanangu, ukae."

Akakaa. Hakuuliza zaidi, kwa sababu nilimfundisha mwenyewe asiulize mara mbili. Nilimtazama lile tumbo nikataka kuuvunja mkono wangu.

Msidhani nilikuwa mwema papo hapo. Kwanza nilifikiria kuyamwaga yale mafuta, nichemshe mapya yasiyo na kidumishi, na mambo yaishe kimyakimya. Kesho watoto wangepangiwa hatamu isiyo yao. Hilo likanifukuza kwenye wazo hilo, lakini si upesi kama ninavyotaka muamini.

Pili nilifikiria kumnong'oneza Kibibi peke yake. Ni mwali wangu, angefunga mdomo. Ningempa dumu alipime, angepanga hatamu sawa, na mji ungeendelea kuvilaani vitalu. Wazo hilo lilinipendeza sana, nikalizungusha kichwani kama mtu anayejaribu gauni. Ila meno yalikuwa kumi na tisa na watoto thelathini na mmoja. Kumi na wawili meno yao yaliliwa na mvua. Kwa hao, Kibibi angehitaji mama mwenyewe aseme alipakwa kuanzia lini, Alhamisi ngapi, alikosa zipi. Na mama angeulizwa, angejibu hapana. Angejibu hapana mpaka kaburini, maana mimi ndiye niliyemlisha kiapo, na kiapo cha ndani hafungui mtu mwingine ila aliyekifunga, mbele ya waliofungwa wote.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema ufanye nini nguo ikiwa ndiyo heshima yako.

Kwa hiyo mizani ilikuwa hii. Upande mmoja, jina langu, chumba changu, na kazi ya wanawake walionitangulia, ambayo kesho kila mropokaji angeitemea mate. Upande wa pili, mifupa ya watoto. Mtu akiniambia ni rahisi kuchagua, namwambia yeye hajawahi kuheshimiwa.

"Mwajabu," nikasema, "daktari alipokuuliza kama ulipakwa kitu, ulijibuje?"

Akashtuka. "Nilisema hapana, Mama. Nimekosea?"

"Hukukosea. Nilikufunda vizuri mno."

Nikamwambia yote. Nilimwambia yeye kwanza kwa sababu lile tumbo ni lake. Hakupiga kelele. Alikunja mkeka wake polepole, akaufunga kamba, akausimamisha ukutani, akasimama akiutazama.

"Mara tatu," alisema.

"Mara tatu."

"Kesho utasema?"

"Nitasema."

"Mbele ya wote?"

"Mbele ya wote."

"Usiposema, nitasema mimi," alisema Mwajabu, mke wa mwanangu, ambaye kwa miaka tisa hakuwahi kuniinulia hata jicho. Na kusema kweli nilifurahi kulisikia.

*

Ijumaa ukumbi wa zahanati ulijaa. Akina mama walikaa na binti zao mapajani, wengine binti wameshamfikia mama mabegani lakini wanapakatwa vilevile. Niliingia na dumu kichwani. Watu wakanipisha, wakidhani nimeleta zawadi.

Nikalitua mezani mbele ya Kibibi.

"Chukua kijiko kimoja umpe Mmbea," nikamwambia. "Na juzi Jumatano, yale niliyokuambia juu ya vitalu, nilisema uongo. Sijui kama vilisimama. Niliyesimama ni mimi."

Kibibi hakuelewa, lakini mkono wake ulishajua kazi. Alichovya, akaweka, taa ya buluu ikapita. Wakati inapita niligeuka nikawatazama wanangu.

"Mimi Mwantumu binti Shekigenda," nikasema, na sauti yangu ilikuwa kavu lakini ilisimama, "niliyewaweka ndani, niliyewalisha kiapo, leo nawafungua vinywa. Sifungui mambo yote. Nafungua moja. Mafuta ya Alhamisi. Kila aliyepakwa aseme."

Wasiozaa walitazamana. Waliozaa waliinamisha vichwa, mmoja akajifunika uso kwa ushungi kama nimemvua nguo. Labda nilikuwa nimemvua kweli. Ukutani mstari mwekundu ukapanda peke yake, na juu yake Kibibi akaweka ule wa jino la Sikudhani, na ikawa mstari mmoja. Aliuzima, akauwasha tena, kana kwamba mashine ingeona haya na kubadilisha maneno.

"Ni kitu nilichotia kwenye mafuta," nikasema. "Si nazi, si mrehani. Hiki. Nilikitia ili yanukie. Sikujua, lakini mkono ni wangu."

Mwanamkasi ndiye aliyesimama. Binti yake ni yule wa mwanasesere. Mwanamkasi ni mkubwa wa umbo, sauti yake husikika vijiji viwili, na nilijiandaa. Lakini alizungumza chini kabisa.

"Mimi nilikuwa nakuja hata nikiwa na homa," alisema. "Nilikuwa nasema, Somo asije akanikosa. Mwaka mzima nimevuka kwenda kutupa mawe kwenye vioo vya watu kule bondeni. Na nikirudi nyumbani nanukia wewe."

"Ndiyo."

"Ningekuwa na jiwe hapa, Somo, ningekupiga."

"Ungekuwa na haki."

"Usiniambie nina haki. Sitaki unipe wewe haki."

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na sikuja pale kutafuta pole. Mwanamkasi alisimama bado, kifua kinapanda na kushuka, kisha akamgeukia Kibibi.

"Andika," alisema. "Mimi meno ya mwanangu hayakuonekana. Nilianza mwezi wa tano, Alhamisi ya kwanza. Nilikosa moja, mvua ilibomoa daraja. Nyingine zote nilikwenda."

"Ulikosa mbili," nikasema. "Ya daraja, na ile uliyokwenda kumwona mama yako Handeni."

Alinitazama kwa chuki, akahesabu moyoni. "Mbili," akasema. "Andika mbili."

Ndivyo ilivyokwenda. Kibibi alikaa, nami nikasimama kando yake, na kila mama aliyeita jina la mwanawe nilimkumbusha Alhamisi zake. Sina daftari, sijawahi kuwa nalo. Nakumbuka nani alikuja akilia kwa sababu ya mume, nani mtoto wake alilala kitako nikahangaika naye wiki tano, nani alisinzia mkekani akakoroma. Wengine walinijibu. Wengine walimjibu Kibibi bila kunitazama. Wawili waliondoka na binti zao, wakarudi baada ya nusu saa, wakajibu wakiwa wamesimama mlangoni. Kibibi alikuwa akigeuza maneno yangu kuwa namba, na namba kuwa mpango wa hatamu, moja moja, na nusu ya kazi aliyodhani haiwezekani ilikwisha kabla ya adhuhuri. Hapo niliinua kichwa. Niliharibu kwa mikono hii, lakini kichwa hiki hakikuharibika, na siku ile hakuna mashine iliyokishinda.

"Vitalu navyo havikuwa safi," Kibibi aliniambia kwa sauti ya chini. "Mstari wa kijani upo kwa wote."

"Waandike wenye vitalu panapowastahili," nikasema. "Usiwaongezee langu."

*

Sikudhani alikuwa wa mwisho, kwa sababu nilitaka wa kwangu awe wa mwisho. Mwajabu alimkalisha kwenye kiti kirefu, Kibibi akampaka dawa ya ganzi mkononi. Mtoto alikuwa amekaa ukumbini tangu saa tatu, amesikia kila neno. Watu wazima husahau kwamba watoto wana masikio.

"Bibi," aliniita.

"Abee, mama."

"Ni wewe uliyenifanya nikue haraka?"

Mwajabu akafungua mdomo kumnyamazisha, nikamzuia kwa mkono.

"Ni mimi."

"Makusudi?"

"Si makusudi. Nilitaka mama yako anukie vizuri."

Akalifikiria hilo. Uso wake ni wa mtoto kabisa, hata kama mwili unaukimbia. Sikujua atafanya nini, na kati ya watu wote waliokuwa ukumbini siku ile, yeye peke yake ndiye niliyemwogopa.

"Mimi zilikuwa Alhamisi ngapi?"

"Kumi na nane."

"Na huyu wa tumboni kwa mama?"

"Tatu."

Alitazama tumbo la mama yake, kisha vidole vyake, akavikunja kimoja kimoja, midomo ikicheza. Sote tulimsubiri, hata Kibibi na sindano yake.

"Basi yeye amepona kumi na tano," alisema, akamnyooshea Kibibi mkono.